Chakula Walichokikataa Panya

Jumatatu, 3 Machi

Kilo arobaini na sita. Muuguzi anayekuja hapa nyumbani kaandika kwa furaha kana kwamba kazipunguza yeye. "Babu, hebu tujitahidi kula." Tujitahidi! Yeye na nani? Miaka thelathini nimefundisha jinsi homoni za utumbo zinavyouambia ubongo "basi, tosha", leo binti wa juzi ananifundisha kijiko.

Mkia kapiga simu. Ndivyo tulivyomwita maabarani, mwanafunzi wangu huyu, kwa jinsi alivyonifuata nyuma. Sasa ni profesa. Mkia wenye tai. Ijumaa wanaanza kuijaribu homoni yangu kwa watu wanene, anataka nisaini barua ya kuwatakia heri. "Bila wewe, Mwalimu, tusingefika hapa."

Kweli kabisa. Hapo ndipo penye balaa.

Jumanne, 4 Machi

Binti yangu kaleta supu. Ngazi chache tu, kafika anahema. Nikamwambia, kama kawaida yangu, afunge mdomo, aache kula ovyo. Mimi! Niliyeandika kwamba anayelishwa mafuta miezi mingi utumbo wake hufifia sauti na ubongo huwa kiziwi, kwamba kumkaripia hakufui dafu. Kwa watu wa mbali nilikuwa mwanasayansi. Kwa mwanangu, jirani mmbea.

Hakununa. Kacheka. "Safari hii utaninyamazia, Baba. Nimejiandikisha kwa Mkia. Ijumaa saa nne nachomwa sindano yako." Wamemwachisha vidonge vyake vya kisukari tangu Jumapili, kwa wiki nane, ili damu ioneshe kazi ya homoni peke yake.

Supu sikuimaliza.

Jumatano, 5 Machi

Niandike kabla mkono haujagoma.

Jaribio lililonipa jina: panya arobaini, wote tuliwanenepesha kwa chakula cha mafuta. Nusu sindano za maji ya chumvi, nusu homoni. Kila kundi na mfuko wake wa chakula, kila mfuko na friji yake, tusichanganye vipimo. Friji ya kundi la homoni ikafa siku nne za mapumziko.

Mlisha panya tulimpachika jina Bwana Pumba. Mtu mzima, rika langu. Alinijia na konzi ya chakula kile. "Mwalimu, nusa. Mafuta yameharibika. Wanakisukuma pembeni, hawakili." Nikamwambia kazi yake ni kufagia mavi, siyo kufikiri.

Alipotoka, nikanusa. Harufu ya rangi kuukuu ya ukuta.

Panya wakakonda. Nikaandika kwamba homoni huwafanya wachome akiba ya mafuta. Mnyama yeyote asiyekula huchoma mafuta yake! Mtoto wa shule anajua. Wakubwa wakapiga makofi. Bwana Pumba alipokwenda kwa mkuu wa idara, nikasema ni mlevi. Hakuwahi kuonja pombe. Akaondoka na mabuti yake ndani ya mfuko wa plastiki, akaniambia, "Kwaheri, Mwalimu." Kwa adabu! Afadhali angenitukana.

Binti alikuja jioni. Sauti inakwaruza, lakini nilikuwa nayo. Tukazungumzia hali ya hewa.

Alhamisi, 6 Machi

Mkia kaja na barua yake. Nikamwuliza: uliporudia jaribio langu, ulipata nini? Akatazama viatu. Mara tatu, hakuna kitu. "Nilijua ni mikono yangu, Mwalimu. Haijafikia yako."

Mara tatu panya wamemwambia ukweli, akaona waongo ni wao!

Nikamwambia chakula kilikuwa kimeoza. Akanipapasa bega kama mtoto mwenye homa, akamgeukia muuguzi: dawa zinamchanganya? Kidogo, akasema muuguzi, mpumbavu yule. Barua ikabaki mezani, na kalamu juu yake.

Mkia hakunidharau; kaniheshimu hadi hawezi kuamini nilikosea. Ndiyo shida ya kufuga mikia.

Ijumaa, 7 Machi

Saa mbili na nusu asubuhi. Sauti imekauka kabisa. Adhabu ya mtu aliyekuwa nayo juzi.

Nyuma ya barua ya Mkia nimeandika: *Mfuko uliharibika. Panya hawakula. Homoni haikufanya kitu. Usiende, mwanangu, rudi kwenye vidonge vyako.*

Binti kaja, kavaa gauni jipya, na supu mkononi. Nikamnyooshea. Akaona ni ile barua, akaona kalamu vidoleni mwangu. "Umesaini! Jamani, Baba!" Akanibusu kipaji cha uso. Mara ya mwisho sikumbuki ni lini. Akaikunja, akaitia mkobani. Hakuigeuza.

Nilitikisa kichwa, machozi yakanitoka. Akadhani nalia kwa furaha.

Yuko sebuleni, anavaa viatu. Miguu imevimba, vinamchukua muda. Anaimba! "Vijiko vitatu tu, Baba, niondoke na amani."

Nimelisukuma bakuli pembeni, kama panya wale. Pembeni zaidi. Limeanguka.

Wimbo umekatika. Kiatu kimoja kinarudi.

"Baba? Mbona unaikataa? Hii supu ina nini?"