Mama Mbele ya Mtani Wake

Jumanne, Nyegezi

Kumbukumbu ya Mama ni nzima. Daktari kasema hivyo leo asubuhi, nami nikamwomba arudie ili niwe na hakika.

Kaka yangu Masanja alikwisha kuamua: Mama akionekana anasahau, nyumba yake ya kule Magu ifungwe, ahamie kwangu. Mama mwenyewe hataki hata kusikia.

Daktari alimtajia maneno matatu huku akiandika: punda, chumvi, mlango. Alipomuuliza baadaye, Mama hakuwa na hata moja. Nikawaza mabaya.

"Kwenu wapi, mwanangu?" Mama akamuuliza.

Daktari akainama. "Kisarawe, mama!"

"Kumbe Mzaramo! Mtani, umekuja kuniibia akili?"

"Akili ya Msukuma niibe, nimuuzie nani?"

Wakachekana pale pale, vichwa vimekaribiana. Kisha daktari, akiwa bado ameinama karibu na sikio lake, akamtajia maneno mengine matatu. Mama akayarudisha yote, akamwambia na Wazaramo wenzake wakayajifunze.

Kumbe tatizo ni masikio. Tunayosema amesahau hayakuwahi kumfikia, maana tunamsemesha tukiwa jikoni au tumempa mgongo. Ya zamani, aliyoyasikia vizuri, anayo yote.

Daktari hakuahidi kwamba uzee hautamgusa, na hilo linanisumbua bado. Masanja naye anabisha kwenye simu. Lakini leo nimekula wali nikaongeza.

Alhamisi anapimwa masikio. Jumamosi namrudisha Magu, nyumbani kwake.