Sakafu Ambayo Sikuiosha

Mdogo wangu Eilif,

Mama anakusalimu. Paka wako amehamia kitandani kwako na hataki kutoka. Chewa mwaka huu wamejaa baharini, theluji bado ipo. Hapo hospitalini Tromsø wanasemaje kuhusu mkono?

Siku ile, helikopta ilipokwisha kukuchukua, shemeji yako Asbjørn alivuta mpira wa maji, kama kawaida yetu zamu ikiisha. "Haya, tuoshe, samaki wanasubiri," akasema. Unanijua, sijawahi kuiacha sakafu ya kiwanda chafu. Lakini nilisimama mbele ya mashine iliyokukata, ile ambayo Asbjørn mwenyewe, msimamizi wetu, aliifungua kinga ya kisu ili iende mbio. Nikawapigia wakaguzi wa usalama kazini. Wakasema kisiguswe kitu. Kesho yake walikuta damu palepale, na kinga imeegemezwa ukutani.

Sasa Asbjørn analala sebuleni. Jana aliniuliza kwa upole, "Mke wangu, kwa nini hukuniambia mimi kwanza?"

Nikamjibu, "Ningekuambia wewe, sakafu ingekuwa safi."

Niandikie hata mstari mmoja, kwa mkono wa kushoto.

Dada yako,
Torbjørg