Izime, Betri Zaisha

Alief, Houston
9 Machi 1993

Kwa mpwa wangu Riyadh,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo. Nawal wangu ameng'oka meno ya mbele na sasa anazungumza Kiingereza chenye upepo. Mgonjwa ni teksi yangu tu, asubuhi inakohoa kama mzee wa barazani. Wewe je? Unakula? Grand Prairie baridi imepungua?

Kaseti ya mama yako imefika juzi kutoka Mombasa, nami nimeitia humu ndani ya bahasha. Unaujua utaratibu wetu: kaseti ni moja, inakwenda na kurudi. Isikilize, kisha unirudishie upesi nimrekodie jibu juu yake. Nimemwambia dada yangu mara ngapi kwamba kaseti mpya hapa Texas ni bei ya soda. Anasema, "Abdulbasit, maneno yakisha kusikika yamemaliza kazi. Ya zamani ya kuwekewa nini?" Ndiye Mwanabaraka huyo, utamfanya nini.

Mwishoni kuna vugo. Amegonga pembe mwenyewe na kuimba alilokutungia la arusi yako, ati anafanya mazoezi asije akafa nalo kifuani. Bibi arusi hajapatikana, bwana arusi hajamaliza chuo, lakini vugo liko tayari. Halafu utamsikia akimgombeza Amna, yule jirani aliyemshikia redio: "Izime, izime! Betri zaisha!" Kisha kimya. Nilicheka peke yangu jikoni.

Soma, Riyadh. Siku ya safari yetu nilimwahidi mama yako digrii. Gitaa sikumwahidi.

Mjomba wako,
Abdulbasit


Grand Prairie
2 Aprili 1993

Mjomba wangu mpendwa,

Wa alaykum salaam, na shikamoo. Mimi ni mzima, ila mgongo unalalamika kwa kupakua masanduku ghalani. Mwambie Nawal meno mapya yataota kwa Kiswahili.

Kaseti hii hapa. Usinikasirikie kwa kuchelewa, ngoja nikueleze.

Mwenye ghala anaturuhusu kupiga muziki Jumapili, malori yakiwa hayapo. Tuko wanne. Kuna wimbo mmoja umetushinda tangu Krismasi yao. Gitaa ni nzito kama zinavyotakiwa, mwimbaji anapiga kelele kama aliyebanwa kidole na mlango, lakini wimbo wenyewe hautembei. Umesimama pale unanguruma, kama lori lililozama kwenye tope. Jumapili iliyopita nilikuwa nakula, huku nasikiliza kaseti ya mama. Likaja vugo. Zile pembe za nyati zikaanza kugongwa kwa vijiti, kwa-kwa, kwa, kwa-kwa. Mpiga dramu akauweka mkate wake chini.

"Riyadh, who is that?"

Nikamwambia, mama yangu.

"Man, your mama is a monster." Kwao hiyo ni sifa.

Akakaa kwenye dramu akaanza kumfuata. Mjomba, wimbo ukatembea! Ukaondoka na sisi juu yake. Tukazirekodi pembe zenyewe kutoka kwenye kaseti, zikawa ndiyo mwanzo. Basi aliyekuwa anashika mitambo akachelewa kukata, ikaingia na sauti ya mama: "Izime, izime! Betri zaisha!" Na gitaa zikalipuka palepale, kana kwamba ameziamuru yeye. Tuliusikiliza tena na tena. Hakuna aliyethubutu kusema itolewe. Wimbo tumeuita "Izime".

Masomo yanaendelea, isipokuwa hesabu. Mimi nayo tumeachana kwa heshima.

Mpwa wako,
Riyadh


Alief
20 Aprili 1993

Riyadh,

Salamu nyingi. Kaseti imefika salama. Nimekaa nayo jikoni nikamrekodia mama yako upande mzima: bei ya mchele, kikohozi cha teksi, meno ya Nawal. Wewe nimesema unasoma. Mungu anisamehe, nilisema haraka haraka. Jana nimeiposti.

Sasa huo wimbo. Vugo ni la wanawake, wanalipiga njiani bwana arusi akipelekwa kwa mkewe. Wewe umelipigisha ghalani, bila mke, mbele ya vijana watatu wenye nywele ndefu kuliko za bibi yako. Sikukasirika. Nyimbo za ghalani hufia ghalani.

Irudie hesabu. Wanandoa wengi hurudiana.

Mjomba wako,
Abdulbasit


Alief
17 Novemba 1995

Riyadh,

Assalaam alaykum. Hatujambo. Hali yako siulizi, naisikia redioni.

Hatukuwahi kukaa mimi na wewe tukamlilia mama yako kama watu. Alipofariki ile Julai, miezi michache tu baada ya jibu langu kumfika, wewe ulikuwa barabarani na bendi yako na mimi sikuwa na makaratasi ya kutoka na kurudi. Walimzika wengine. Mwaka jana jamaa mmoja wa kutoka Mombasa aliniletea kisanduku chake. Kaseti yetu imo. Nimekisukuma chini ya kitanda na sijakifungua. Najua amenijibu, maana Mwanabaraka hakuwahi kuniacha bila jibu hata tulipokuwa watoto tukipigana. Mradi sijaisikiliza, bado ana neno la kuniambia.

Na mimi namwekea heshima hiyo chini ya kitanda, wewe umemmwaga barabarani.

Jumamosi nilibeba abiria wa kwenda Sugar Land. Kijana, amelewa lakini ana adabu. Redio ikaanza: kwa-kwa, kwa, kwa-kwa. Nikanyoosha mkono kuzima. Akasema, "No no no, sir, turn it up! That's the witch!" Mimi ni dereva, abiria ni mfalme. Nikaiongeza, Riyadh. Nilimwongezea mlevi sauti ya marehemu dada yangu, naye akamwitikia kwa kupiga mateke kiti changu. Mchawi! Mwanabaraka binti Shaame, aliyekuwa akijifunika hata mwuza maziwa akibisha hodi.

Iko kwenye malori, kwenye vituo vya petroli, kwa kinyozi wa Kimeksiko. Watu wa Mombasa nao wamesikia, wananiuliza kwenye simu kama tumefilisika. Wafu huombewa. Hawapigiwi gitaa.

Itoe sauti yake. Pembe ziache ukitaka, pembe ni za nyati. Sauti itoe. Mpaka utakapoitoa, usije hapa kwangu. Na usinipigie simu, nikishika simu napandisha sauti na Nawal anaogopa.

Mjomba wako, bado,
Abdulbasit


Fort Worth
8 Januari 1996

Mjomba,

Shikamoo. Natumai teksi na watu wake wazima.

Nimekwenda kwa wenye kampuni ya muziki. Nilivaa na tai. Wamenionyesha sahihi yangu mkatabani, wakaniambia kwa upole kwamba sauti ile ndiyo wimbo, mengine yote ni kelele ambazo hata vijana wa mtaa wa pili wanaweza. Wamesema kweli. Nimeusikiliza bila mama na ni lori kwenye tope.

Lakini nisikufiche. Hata wangekubali, sijui kama ningetoa. Wewe una kisanduku chini ya kitanda. Mimi sina. Kila usiku nasimama mbele ya watu, taa zinazimwa, pembe zinaanza, halafu mama yangu anasema kwa ile sauti ya kutuita tuje kula. Kwa muda ule mdogo siko Texas. Halafu inabidi nipige gitaa, naipiga kwa hasira, na watu wanasema loo, huyu anajua.

Hawamtukani, Mjomba. Hawajui anasema nini, lakini wanampenda. Nifungulie tuzungumze.

Mpwa wako,
Riyadh


Grand Prairie
30 Septemba 2003

Mjomba wangu,

Shikamoo na salamu kwa nyumba nzima. Barua zangu za kila Idi sijui kama zilifika. Sikulaumu. Anwani niliyokutumia wewe unaijua, na ukimya ni jibu pia.

Leo nina habari. Mwaka huu watu wa malori walinunua wimbo kwa tangazo. Nilikuwa kwa mtengeneza viatu, televisheni iko ukutani, ikaonyesha lori jekundu linapanda mlima. Mama akasema "Izime, izime!" na lori likanguruma, na mtu akataja bei. Mjomba, mama alikuwa anauza malori. Nilisimama pale na soksi moja mguuni, ndipo nikaelewa kiti chako kilivyopigwa mateke.

Bahati nzuri kampuni wanautoa upya kwa kutimiza miaka kumi, na safari hii walihitaji sahihi yangu. Nikakataa. Wenzangu wamenigombeza, mpiga dramu hasemi nami. Nikakataa mpaka wakakubali. Pembe zimebaki. Palipokuwa na sauti pana kimya, kisha gitaa. Vituo vya redio, viwanja vya mpira, watangazaji, wote wanatumiwa mpya, na ya zamani haitachapwa tena.

Imenichukua muda. Nimeitoa.

Nifungulie mlango.

Mpwa wako,
Riyadh


Alief
26 Oktoba 2003

Mpwa wangu Riyadh,

Assalaam alaykum wa rahmatullah. Barua zako za Idi zilifika zote, zimo kwenye droo ya vijiko. Mimi nina sukari siku hizi, daktari amenikataza haluwa na nikamkatalia. Teksi ilikufa, hii ya sasa ni mpwa wake. Nawal yuko mwaka wa mwisho wa shule na anapiga tarumbeta katika bendi yao, kwa hiyo maradhi yako yamo kwenye ukoo.

Barua yako ilinifurahisha siku mbili. Nikasema, sasa dada yangu amerudi nyumbani, amekuwa wetu peke yetu. Sasa naweza kumsikiliza. Nikatia udhu kabisa, nikakivuta kisanduku, nikakifungua. Leso mbili, tasbihi, kaseti. Nikabonyeza.

Mtu akakohoa. Akasema, "Dada, assalaam alaykum, mchele huku umepanda bei."

Nilikuwa mimi, Riyadh. Mimi mwanzo hadi mwisho. Nilijisikiliza upande mzima nikimngoja yeye, nikapita mchele, nikapita teksi, nikafika kwenye meno ya Nawal, nikajisikia nikisema unasoma. Nikageuza upande wa pili, mvumo mtupu. Hakuwahi kunijibu. Na lile vugo, na kicheko cha Amna, na ule ugomvi wa betri, vyote viko chini ya bei yangu ya mchele. Maneno ya zamani ya kuwekewa nini! Miaka yote hii nimelinda sauti yangu mwenyewe chini ya kitanda kama dhahabu, na yake nikakuandama mpaka ukaifuta.

Nikatoka na teksi nikawasha redio. Sikuwa na abiria. Nilizunguka hadi Pearland na kurudi, mimi, ambaye kila nilipousikia nilikuwa nauzima. Wimbo ukaja mara moja tu. Pembe, kimya, gitaa. Ni kimya kirefu kweli. Niliwahi kukisikia, mwisho wa kaseti, nikacheka.

Sikukuandikia. Ningekuandikia nini? Ijumaa Nawal akanivuta kwenye mpira wa shule yao, ati baba wote wanakuja. Nikakaa juu kabisa, na koti, nikitazama watoto wakigongana vichwa kwa sababu nisizozijua. Jua lilikuwa bado halijatua. Timu yetu ilikuwa inashindwa vibaya. Basi ikatoka kwenye spika: kwa-kwa, kwa, kwa-kwa. Watu wakaanza kusimama. Nikainamisha kichwa, nikajiandaa kwa kile kimya.

Hakikuja.

Uwanja mzima ulisema, Riyadh. Wazungu, Wavietnamu, Wameksiko, mwuza mahindi, mkuu wa shule na tai yake. "Izime, izime! Betri zaisha!" Walitamka vibaya kupita kiasi. Mtu mmoja nyuma yangu alisema betri kama jina la mwanamke. Nikatazama chini kwenye bendi, Nawal amesimama juu ya benchi, tarumbeta kwapani, mikono imezunguka mdomo. Huyu ambaye tangu azaliwe namsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza. Yeye aliitamka sawasawa, ya Mombasa, na ukali wake. Ningekuwa Amna ningezima.

Garini nikamwuliza, "Unajua maana yake?"

"Of course, Baba. Shangazi anataka tuzime tepu." Akatazama dirishani. "I used to think she was talking to me."

Sauti yake haikuwepo, sitakudanganya. Nimewasikiliza wote wale na hakuna hata mmoja aliyekuwa yeye. Lakini agizo lake lilifika.

Njoo. Nawal nimemwambia nakuita, naye amepika mara mbili tayari kwa kudhani ni leo. Njoo na ile sahani ya santuri ya zamani, yenye sauti yake, lazima unayo, na kama huna itafute kwa wanaouza vya mitumba, hata kwa mwenye lori. Hapa ina mahali pa kukaa, nimeondoa kisanduku. Gitaa pia njoo nalo, nitalivumilia. Tutakaa jikoni, tutamlilia kama watu, halafu utanieleza kuhusu hesabu.

Nilisimama pale uwanjani mpaka wimbo ukaisha. Amewagombeza watu elfu nzima, na hakuna aliyeizima.

Mjomba wako,
Abdulbasit