Jiwe la Mheshimiwa Mjomba

Kwako Mheshimiwa Mjomba,

Shikamoo. Nakuandikia kukuomba jambo moja, nami nalitaja mapema ili usihangaike kulitafuta katikati ya maneno: Ijumaa, mbele ya baraza la madiwani, usiwasilishe ile hoja ya kumnyang'anya mwajiri wangu, Mama Vitasa, kiwanja cha kiwanda chake.

Baada ya kusema hilo, naomba nirejee kwenye adabu. Natumaini presha yako imetulia na mkaza mjomba goti limempa nafuu. Sisi huku tu wazima. Mama anakusalimu sana. Aliponiona nimeketi na kalamu alinishauri niache kabisa, akasema kaka yake hapingwi kwa maandishi, hupikiwa akashiba kwanza, ndipo akaambiwa. Nimemheshimu kwa mengi, ila kwa hili nimeona sufuria haitatosha.

Mjomba, mwaka jana wewe ndiye uliyempokea Mama Vitasa uwanja wa ndege ukamvisha shada la maua. Nilikuwa nyuma yako, nimebeba mwavuli wake na faili lako. Ulimwambia hapa ni kwao. Ulimwonyesha barabara itakayowekwa lami na mahali nguzo za umeme zitakaposimama, ukizionyesha kwa kidole kana kwamba zimeshasimama. Naye, mwanamke mfupi asiyependa hotuba, ambaye amekwisha kuanzisha viwanda vya bawaba na vitasa katika nchi mbili, aliamini. Nami niliamini. Aliponiajiri kuwa msaidizi wake nilitembea mtaani kichwa juu, maana niliona elimu yangu na siasa yako vimekutana mahali pamoja, kwa faida ya wote.

Sikujua kwamba kwenu wanasiasa mwekezaji ni kama bibi harusi: siku ya kwanza vigelegele, siku ya pili anaulizwa mbona vyombo havijaoshwa.

Siku ya kuweka jiwe la msingi unaikumbuka. Hema lilikuwa tayari, vipaza sauti vimejaribiwa, na malori mawili ya zege yalikuwa njiani, kwa kuwa ulitaka umwage mwenyewe koleo la kwanza mbele ya wapiga picha. Tulikualika saa tatu. Ulifika saa saba. Na zege, kama ujuavyo wewe uliyejenga nyumba tatu, likishachanganywa halimjui mheshimiwa. Ulipofika, msingi ulikuwa umejaa, umesawazishwa, na mafundi wananawa mikono. Jiwe lako lenye jina la dhahabu halikuwa na pa kukaa.

Siku ile ulitabasamu. Jumapili, kwenye mkutano wa hadhara, hukutabasamu tena. Uliwaambia watu kwamba wageni hawa wanatudharau, wanaifanya nchi yetu shamba la bibi, na watu wakapiga makofi, wakiwemo vijana ambao siku mbili kabla walikuwa wameshika foleni langoni kwetu wakiomba kazi. Tangu hapo hatujapumzika. Alikuja mtu wa zimamoto kukagua mitungi ya kuzimia moto katika jengo lisilo na paa. Alikuja bwana afya kuuliza jikoni ni wapi. Fundi mkuu akamwonyesha ndoo ya maji na kikombe chake, akamwambia karibu, ndiko huko. Akatutoza faini kwa ndoo. Kisha ikaja amri ya kusimamisha ujenzi, na mafundi sasa wanashinda chini ya ukuta wanacheza bao kwa visoda.

Tulituma ujumbe ofisini kwako kuuliza kosa litafutwaje. Msaidizi wako alijibu kwamba ibomolewe pembe moja ya msingi, jiwe liingie, na mwenye mradi aombe radhi hadharani. Fundi mkuu alieleza kwa upole kwamba pembe ile ndiyo itakayobeba nguzo. Mama Vitasa akapendekeza jiwe liwekwe ukutani, kando ya mlango mkuu, palipo peupe. Tukaletewa jibu kwamba jiwe la msingi hukaa msingini. Nilipokwenda ofisini kwako kubembeleza, nililiona jiwe lenyewe ukumbini, karani ameweka birika la chai juu yake.

Utasema natetea tonge langu. Ni kweli, natetea, na sioni aibu. Lakini wapo wengine ambao tonge lao limo mle mle, na wengi wao walikupigia kura. Meya wa mji jirani ameshampigia mama yule simu mara mbili. Kiwanja anacho, na umeme umeshafika. Jana Mama Vitasa alikuwa amesimama dirishani akiangalia mashine zake zilizofunikwa turubai. Nilijaribu kumfariji, nikamwambia mambo ya siasa hupita. Hakukasirika. Aliniambia hivi:

“Niliambiwa nilete mtaji na mashine. Hakuna aliyeniambia nilete na magoti.”

Mimi niliyezoea kujibu, hata ukanipachika jina la Profesa, nilikwenda kukaza kamba za turubai, Mjomba.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hujalijua. Siku ile ya jiwe mimi ndiye niliyetumwa kukuchukua nyumbani. Ulikuwa umeshavaa suti. Uliniambia nikae, ukamalizia chai, ukatazama marudio ya mpira tangu mwanzo hadi mwisho, na nilipokukumbusha kwamba watu wanangoja juani ulicheka, ukasema mkubwa hafiki wa kwanza, waache wamtamani kidogo. Baadaye uliwaambia watu kwamba hukupewa saa.

Nikiwa kibarazani kwako, fundi mkuu alinipigia. Alisema zege linaanza kuganda. Alikuwa amemwomba Mama Vitasa ruhusa ya kumwaga, naye alikuwa amekataa katakata. Alisema mheshimiwa ndiye mwenyeji, zege likiharibika na liharibike, tutaagiza jingine. Nilikutazama kupitia dirisha. Ulikuwa umenyoosha miguu juu ya meza. Nikamwambia fundi, “Mwaga. Mama sasa ameruhusu.”

Hakuwa ameruhusu. Yule unayemwadhibu ndiye pekee aliyekungoja. Nilipokiri kwake jioni ile nilitarajia kufukuzwa. Alisema kwamba mbele ya watu lawama itakuwa ya kampuni, nisiharibu udugu wangu kwa ajili ya saruji. Ameitunza siri hiyo mpaka leo, anakaguliwa, anatozwa faini, anatukanwa kwenye vipaza sauti, na wewe unalala ukiamini umemtia adabu mgeni. Aliyekuvunjia heshima ni mtoto wa dada yako. Kusema uongo kwa jina la mwajiri wangu kunanisuta. Kumwaga zege hakunisuti hata kidogo.

Nimemwomba katibu wa baraza nafasi ya mwananchi kuzungumza, na nimepewa. Nitasimama Ijumaa mara tu baada yako, nieleze nilichokueleza hapa, pamoja na mpira na chai. Huenda nikapoteza kazi, na Mama huenda akakosa pa kuweka uso kati ya kaka na binti. Nimeyapima yote hayo. Sikutaka uyasikie kwa mara ya kwanza ukiwa umekaa kwenye kiti cha enzi, ndiyo maana nimekuandikia.

Lakini hoja ikiondolewa, sitakuwa na la kusema, nami nitaketi kimya nyuma kabisa. Fikiria, Mjomba wangu. Kuna siku nilijivuna kuitwa mpwa wako, na siku hiyo si ya zamani.

Msalimie mkaza mjomba, umwambie dawa ya goti nitamletea mwenyewe. Wasalimie na watoto wote.

Nitakuja Alhamisi, saa kumi jioni, nyumbani kwako. Sitachelewa.

Wako mtiifu kwa yote mengine,
Profesa, mpwa wako