Mbegu Ndani ya Debe

Kwako dada Wambura,

Huku Mbeere hatujambo. Yule mbuzi mwekundu amezaa mapacha, na mguu wa mama umepata nafuu. Umeniomba nije Kiirua niwafundishe akina mama wa kanisa lenu kumtumaini Mungu, kwa kuwa mimi husoma Biblia kila asubuhi. Sitakuja.

Unajua huku tunapanda ndengu kwenye vumbi, mvua ikija izikute ardhini. Mwaka huu Mukami alishika jembe, nami mumewe nikamzuia. Nilisema mbegu ni ghali, tungoje kwanza mvua tuione. Na kila asubuhi niliendelea kumsomea yeye na watoto habari za imani, debe la mbegu likiwa limefunikwa nyuma ya kiti changu. Mvua ilikuja ghafla, ikakatika upesi. Za majirani ziliota. Zetu, nilizokimbilia kupanda baadaye, zilikauka zote.

Usihangaike, hatulali njaa. Mukami alikuwa amechota mbegu kidogo bila kuniambia, akazifukia kwenye vumbi nyuma ya zizi. Ndizo tunazokula. Hajanisuta hata kwa neno moja. Anapakua, anaketi, kisha ananiambia kama zamani, "Baba Kithaka, tuombee chakula."

Jana nilifumba macho na maneno hayakuja. Tulikaa hivyo, watoto wametulia, mpaka chakula kikaanza kupoa. Ndipo Mukami akasema, polepole, "Amina."

Ni mimi mdogo wako,
Nyamu