Lugabire Mlangoni

Namakwekwe, Mbale
Jumamosi

Kaka yangu Adrisi,

Assalaam alaikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi Rashida na wote wa hapo Mafubira, na kwamba kifua chako kimepoa. Mimi napumua, alhamdulillahi. Simu yangu imeporwa, na hata ingekuwepo, haya si maneno ya simu. Shamirah anayekuletea hajui kilichomo.

Hoteli yangu unaijua. Ulinicheka, ukasema mteja anafuata nyama, mengine ni mapambo. Haya, cheka! Nyama iko kila kona ya Mbale. Lakini kwangu mteja akivua viatu akakaa mkekani, mimi navigeuza vielekee nje, akiondoka aingize miguu tu. Huyu pilipili yake naweka pembeni, yule namwekea mto wa mgongo. Watu wanatoka Nabuyonga, wanapita hoteli zote njiani, wanakuja kwangu.

Jana baada ya swala ya Ijumaa walijaa. Wakaingia wanaume watatu wamefunga nyuso kwa vitambaa, mapanga mkononi. Wawili walikanyaga mikeka yangu na buti zao, wakaanza kupiga watu kwa ubapa wa panga na kunyang'anya simu. Wa tatu alifanya ajabu: alisimama mlangoni, akavua viatu, ndipo akaingia.

Afande Otim wa magereza, mteja wangu wa kila siku, aliinuka kumkamata. Yule peku akamkata. Vidole viwili vilianguka kwenye sahani ya wali. Wallahi kaka, sikuona tena kitu. Nilinyanyua karai la mafuta ya sambusa yanachemka, nikammwagia usoni mmoja wa wale wenye buti, kitambaa kikabanduka na ngozi. Wakakimbia. Vijana wa boda waliwadaka wale wawili kwenye mtaro, wakawaponda kwa matofali. Niliyemuunguza alikufa palepale, na sikumwonea huruma. Mwenzake polisi walimwokota hajitambui. Wa tatu akapotea.

Nikaviendea viatu vyake. Lugabire zile za tairi, mkanda mmoja umeshonwa kwa uzi wa kijani. Uzi huo ni wangu. Niliushona mwenyewe mwezi uliopita, mwenye viatu akiwa ndani anakula.

Kaka, ni Ridwan. Ni mwanao.

Nilizificha ndani ya gauni. Jana hiyo hiyo alasiri alipenya mlango wa uani, na sasa hivi yuko stoo, nyuma ya magunia ya unga. Nilimpiga kwa mwiko mpaka ukavunjika. Nilipomuuliza kwa nini alivua viatu, alilia, akasema hata hakujua kama amevivua.

Nilitaka kumficha, sikudanganyi. Lakini leo asubuhi alikuja Janepher, mke wa Otim, kutoka hospitali. Alisema mumewe amekataa chakula cha kule, anataka mchuzi wangu, na tafadhali niutie kikombeni kwa sababu kijiko hakishiki. Niliupika, na mwanao anakohoa nyuma ya ukuta. Siwezi, kaka.

Vijana wa boda bado wanamtafuta. Nikimtoa peke yangu hatafika polisi. Njoo kesho na gari lenye milango ya kufunga, tumkalie huku na huku, tumpeleke sisi wenyewe. Ukija kumtorosha, nitapiga yowe mimi, na unajua watakachomfanya.

Wifi msalimie tu. Usimsomee.

Dada yako,
Ramlah