Tomi Humtazama Ouma Kwanza

Migori, Jumapili, 1967. Mvua tangu asubuhi, na roho yangu haijatulia.

Jana, Jumamosi, jua likielekea kuzama, nilimpoteza mbwa wangu Tomi. Hakufa, wala hakuibiwa. Naandika haya nikiuona mkia wake barazani kwa jirani yangu Ouma, fundi wa baiskeli.

Kwa nini nimwonee Ouma wivu? Hana duka. Paa lake linavuja. Mimi nilianza kwa kuchimba mawe kwenye mgodi wa Macalder, nikajenga duka hili bati kwa bati. Lakini mbwa niliyemtoa Isebania akiwa mdogo wa kubebwa kwenye kofia, huyo amempata yeye bila jasho.

Na nilimfundisha. Kule mgodini nilimwona msimamizi akishika kipande cha nyama karibu na jicho lake, kimya, hadi mbwa wake amtazame usoni. Akitazama tu, anapewa. Nami nikafanya vivyo hivyo kila asubuhi kabla ya wateja. Nyama ya kumpa mbwa sina, nikatumia ukoko wa ugali. Tomi alinitazama, ndiyo, lakini kwa adabu tu, kama mtu anayesikiliza mahubiri marefu.

Ouma hula kamongo, samaki asiye na magamba. Sisi Wasabato hatumli, nami nikaamua hata mbwa wangu hatamla.

Mke wangu akaniuliza, "Baba Atieno, huyu mbwa alibatizwa lini?"

Nikaendelea kukwangua ukoko sufuriani.

Tena amri inataka siku ya Sabato hata mnyama wako apumzike. Basi kila Jumamosi namfungua Tomi, hakuna masomo, na sisi tunashinda kanisani. Hapo ndipo sikupiga hesabu, mimi ambaye mizani yangu haijawahi kubishiwa sokoni. Siku zangu sita ni za ukoko. Siku moja ya Ouma, Tomi akivuka kwenda kwake, ina kichwa cha kamongo.

Moja imeshinda sita.

Jana nilirudi na wazee wa kanisa, waje wanywe uji kwangu. Nikataka wamwone mbwa aliyefunzwa. Nikamwita. Tomi akasimama, akamgeukia Ouma, akamtazama usoni vile vile nilivyomfundisha mimi. Ouma akamwashiria kwa kidevu, ndipo mbwa akaja kwangu.

Kwa ruhusa.

"Omera, ndugu yangu, mbwa hasikii mahubiri na tumbo tupu," Ouma akasema. Wazee wangu wakacheka. Mmoja alicheka hadi akaweka kikombe chini.

Leo nimewaza bila hasira, au kwa hasira kidogo. Upande wangu nitarekebisha: kesho nanunua kichwa cha kamongo, na mke wangu acheke anavyotaka. Lakini haitafaa kitu ikiwa kila Jumamosi Ouma ataendelea kumlisha Tomi hadi anisahau.

Kwa hiyo mvua ilipopungua nimekwenda kwenye ua unaotenganisha nyumba zetu, nikamwambia asimpokee tena.

"Tutaona, jaduka, mwenye duka wetu," amesema, huku anajaza upepo gurudumu la mtu.

Tutaona si jibu. Nimerudi mara ya pili, nikamuuliza polepole ili asiseme hakusikia: Jumamosi nikiwa kanisani, Tomi akija kwako, utamfukuza? Sitaki mzaha, sitaki methali. Ndiyo au hapana, na jibu nilipate kesho kabla ya saa moja asubuhi, kabla sijafungua duka.